Dereva Hasemi "Ipo"

Duka la Mama Euphrasia liko Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi. Ni duka dogo la vifaa vya umeme. Nyaya zinaning'inia juu, swichi zimejaa ukutani, na taa za rangi zinawaka mchana kutwa ili wapita njia wageuze shingo. Nje ya mlango kuna mtu mwenye kipaza sauti anauza soksi. Pembeni yake kuna mwingine, mwenye kipaza sauti kikubwa zaidi, anauza dawa ya kunguni. Ukitaka kusikika hapo, sharti upaze sauti.

Fortunata anajua kupaza sauti. Yeye ni binti wa kwanza wa Mama Euphrasia, ana miaka ishirini na mitano. Alisomea ufundi umeme akapata cheti, ila kazi ya fani yake hajapata. Basi kila siku yuko dukani na mama yake. Mikono yake ni myepesi. Mdomo wake ni mwepesi zaidi.

Wauza duka wa pale wana desturi yao. Mteja akiuliza kitu, haambiwi hakipo. Akiambiwa hakipo atavuka barabara, na akishavuka barabara ndiyo amekwenda. Kwa hiyo jibu ni moja tu: "Ipo!" Mteja anapewa kigoda akae. Muuzaji anatokea mlango wa nyuma, anakimbilia duka la jirani, anachukua kile kitu, anarudi anahema huku anatabasamu. Kesho jirani naye atafanya hivyo hivyo kwake. Hakuna anayemkasirikia mwenzake.

Asubuhi moja alisimama mlangoni mzee mmoja wa kanzu, mkononi ana bakora. Akasema neno. Soksi na kunguni zikalimeza neno lake.

"Ipo, babu!" Fortunata akadakia. "Karibu ndani! Rangi zote zipo!"

Mzee akamkodolea macho. "Rangi zote za nini, mjukuu wangu? Nauliza msikiti uko wapi. Nimepotea."

Nasreen, jirani anayeuza feni duka la pili, alicheka mpaka akashika mlango. "Fortu, mpe wa kijani basi!"

Fortunata naye akacheka kwa aibu. "Shikamoo, babu. Nisamehe." Akamshika mzee mkono, akampeleka mpaka kona ya msikiti.

Familia yao inakaa Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi mrefu katikati. Chumba cha mwisho amepanga Anifa, mwanamke wa Lindi, mcheshi, mwenye mwendo wa taratibu. Anifa ni dereva wa treni. Akitoka asubuhi na sare yake iliyonyooka, watoto wa mtaa wanamwimbia honi: "Pooo! Pooo!" Naye huwajibu kwa kupunga mkono kama yuko dirishani kwenye kichwa cha treni.

Jioni ile Anifa alirudi hajavua hata kofia. Akamkuta Fortunata uani anaosha mchele.

"Fortu, tangazo limetoka."

"Tangazo la nini, dada?"

"Shirika letu linatafuta madereva wanafunzi. Si lazima uwe umewahi kuendesha. Watakufundisha wenyewe. Wanataka kidato cha nne, na cheti cha ufundi kama hicho chako."

Fortunata akaacha mchele. Toka akiwa mdogo alikuwa na jambo moja moyoni. Krismasi wazazi wake huenda kwao Kilimanjaro, kama Wachaga wengi wa mjini. Mwaka mmoja walikwenda kwa treni. Wenzake walilala, yeye alisimama dirishani safari nzima. Kila treni ilipofika mahali barabara inapokatiza reli, dereva alipiga honi, na magari yote yakasimama kuipisha. Fortunata alijiambia: siku moja honi ile nitaipiga mimi.

"Umri je?" akauliza.

"Wanasema asiyezidi miaka ishirini na mitano."

Mama Euphrasia alikuwa jikoni, sikio liko uani. Akatoka na mwiko. "Huyu mwezi wa tisa anatimiza ishirini na sita."

"Ndiyo maana nimekuja mbio, Mama Fortu. Safari hii ikimpita, sijui kama atapata nyingine."

"Treni lakini, Anifa? Mtoto wa kike?"

"Na mimi ni nani, Mama Fortu? Mimi baba?"

Uani kote wakacheka. Hata mwiko ulishuka.

Baba yake Fortunata, Mzee Eliakimu, ni fundi wa redio. Yeye aliwaza mambo kwa njia aliyoizoea. "Basi tutafute mtu wa ndani. Mtu wa kumshika mkono."

"Mtu wa ndani ni mimi, baba," Anifa akasema. "Na mimi siwezi chochote. Majaribio mengine anasahihisha kompyuta, na kompyuta haina mjomba. Tena nisikilizeni vizuri. Akija mtu akasema mpeni hela ya chai awapatie nafasi, mfukuzeni. Huyo ni tapeli. Kuomba ni bure."

Kesho yake Fortunata akaweka vyeti vyake kwenye bahasha, akawa tayari kukimbilia stesheni. Anifa akamdaka mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kupeleka maombi!"

"Tangazo umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Mpaka chini?"

Fortunata akaitazama bahasha. Alikuwa amesoma juu tu, palipoandikwa "nafasi za mafunzo". Wakakaa barazani wakalisoma pole pole mpaka neno la mwisho. Kule chini paliandikwa kuwa bahasha hazipokelewi. Maombi yanatumwa kwenye tovuti peke yake. Vyeti vithibitishwe na wakili. Namba ya kitambulisho cha taifa iwepo. Barua ya maombi iwe na sahihi. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

"Ungeipeleka bahasha," Anifa akasema, "ingelala mapokezi, na wewe ungekaa nyumbani unasubiri simu. Kila shirika lina utaratibu wake. Utaratibu wenyewe unausoma kwenye tangazo, huusikii mtaani."

Basi Fortunata akaenda kwa wakili, kisha steshenari, vyeti vikapigwa picha kwenye mashine na kutumwa. Baada ya wiki chache ujumbe ukaingia kwenye simu. Ameitwa kwenye majaribio.

Mama Euphrasia akawaambia Nasreen, muuza soksi na muuza kunguni. Muuza kunguni akatangaza kwa kipaza sauti mtaa mzima ukasikia.

Zikabaki wiki mbili. Jioni ya kwanza Anifa akamketisha Fortunata barazani. Akachukua kikombe cha plastiki, akakiweka mdomoni, sauti ikawa ya kukwaruza kama ya redio ya upepo ambayo madereva huongelea na waongoza treni walioko ofisini.

"Dereva, muongoza treni hapa. Simama stesheni ya mmh-mmh, usubiri treni ya mizigo ipite. Umepata?"

"Nimepata!" Fortunata akajibu, haraka kama yuko dukani.

"Umepata nini?"

"Nisimame stesheni."

"Stesheni gani?"

Fortunata akatazama juu, akatazama chini. "Ya... mbele?"

"Zote ziko mbele, mwanangu!" Mzee Eliakimu akasema, na baraza zima likaangua kicheko.

Anifa peke yake hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Treni ya mizigo inakuja kwenye reli hiyo hiyo, Fortu. Wewe unakwenda, yenyewe inakuja. Nyuma yako kuna mamia ya watu wanakula karanga, wamekuachia roho zao. Na wewe umesema 'nimepata' wakati hujapata."

Kicheko kikakatika. Fortunata akaona aibu. Alijiona yuko mlangoni mwa duka na yule mzee wa kanzu.

"Ni ile 'ipo' yangu," akasema taratibu.

Mama Euphrasia akaguswa. "Kwa hiyo sisi wa dukani ni waongo?"

"Hapana, Mama Fortu. 'Ipo' ya dukani ni uchangamfu wa biashara. Mteja akipewa sicho anarudisha, mnacheka, yanaisha. Treni hairudishwi. Gari dogo ukikanyaga breki linasimama hapo hapo. Treni ni nzito. Unaweza kushika breki hapa, ikaenda kilomita nzima ndipo isimame. Kwa hiyo dereva akiwa na shaka hakisii. Anauliza."

"Anaulizaje?" Fortunata akasema.

"Anasema, 'Sijakusikia, rudia.' Akirudiwa, na yeye anayarudia yale maneno kwa mdomo wake, ili muongoza treni ajue yamefika salama. Basi, ndiyo siri yenyewe. Haihitaji nguvu. Inahitaji kutoona haya."

Kutoona haya! Kwa Fortunata hilo lilikuwa zito kuliko mtihani wowote. Mdomo ulikuwa umeshazoea kukimbia. Mama akiita kutoka jikoni, anajibu "ndiyo!" kabla hajajua ameulizwa nini. Siku moja alijibu "ndiyo" akaletewa sahani ya ugali wakati ameshashiba. Mama yake akamsimamia. "Umesema ndiyo. Kula."

Akaamua kufanyia mazoezi dukani. Akaja kijana mmoja fundi, akasema jambo katikati ya makelele. Neno "ipo" likafika kwenye ncha ya ulimi. Fortunata akalimeza.

"Samahani, kaka. Sijakusikia. Rudia."

Nasreen akachungulia. "Mama Fortu! Huyu mtoto ana homa leo?"

Mama Euphrasia akashika kifua. Alimwona mteja tayari anavuka barabara. Lakini yule kijana hakuvuka. Akasogea karibu, akarudia.

"Nataka holda za taa. Za kuzungusha, si za kuchomeka. Zile ndefu."

"Holda za kuzungusha, ndefu," Fortunata akarudia. "Ngapi?"

"Dazeni. Na ahsante kwa kuuliza, dada. Jana duka la kule wamenipa za kuchomeka, nimepanda ngazi bure."

Mama Euphrasia akazifunga holda kwenye mfuko. Alasiri ile Fortunata alimsikia akimwambia mteja mwingine, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu viatu vipya: "Rudia, baba. Sijakusikia."

Mzee Eliakimu naye hakutaka kupitwa. Alichukua taa tatu za dukani, nyekundu, njano na kijani, akaziunganisha kwenye ubao na swichi zake. Jioni akakaa nyuma ya ubao kama mpiga ngoma.

"Piga kofi ikiwaka ya njano tu," akasema. "Nyingine ziache zipite."

Nyekundu. Kofi! Kijani. Kofi! Njano. Makofi mawili!

"Huku si ngomani, mama!" baba yake akapiga kelele. "Njano tu!"

Anifa akaeleza. "Wanaangalia kama unaweza kutulia kwenye kazi moja inayojirudia, muda mrefu, bila akili kuhama. Hawakukomoi. Dereva anatazama reli na taa za ishara saa nyingi. Wepesi wa mikono si kitu kama macho yamelala." Akamfundisha kuvuta pumzi, kutazama kwanza, ndipo mkono ufuate. Jioni za mwanzo makofi yalikuwa hovyo. Mwishoni mwa wiki ya pili, njano peke yake ndiyo ilipigiwa kofi, na nyumba nzima ilikuwa imejifunza mchezo, hadi mtoto wa chumba cha pili.

"Usiku wa kuamkia majaribio lala mapema," Anifa akamwagiza. "Asubuhi kula. Beba kitambulisho na vyeti halisi. Daktari akikuuliza dawa unazotumia, mwambie kweli. Na usichokijua, useme hukijui."

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa karibu na stesheni, umejaa vijana wenye mashati ya pasi. Fortunata akaketi karibu na kijana aitwaye Shukuru.

"Mambo?" Shukuru akasema. "Mimi hapa namaliza wa kwanza. Utaniona."

"Poa. Mimi natafuta kumaliza tu," Fortunata akajibu, na wote wakacheka.

Kwanza walipewa karatasi yenye kanuni za kazi, wazisome, kisha wajibu maswali. Fortunata akaisoma mpaka chini. Halafu wakakaa mbele ya kompyuta, taa za rangi zikawa zinawaka na kuzima. Kitufe kibonyezwe kwa rangi moja tu. Akilini Fortunata alimwona baba yake nyuma ya ubao, akatabasamu, akavuta pumzi.

Kisha wakavaa vifaa vya kusikilizia masikioni. Mwelekezaji akasema, "Mtapewa maelekezo kwa sauti, myaandike. Asiyesikia anyooshe mkono, atarudiwa."

Sauti ikaja inakwaruza. "Treni namba... simama... kwenye njia ya... mpaka upewe ruhusa."

Wenzake wakainama kuandika. Kalamu zikalia kwenye karatasi, na Shukuru akakabidhi yake. Fortunata alikuwa na nusu ya maneno. Nusu nyingine angeweza kuikisia, na ukisiaji wake ulikuwa mzuri sana, wa Kariakoo kabisa. Hakuna mkono hata mmoja uliokuwa juu. Masikio yakamwaka moto. Ingekuwa rahisi kiasi gani kuandika tu!

Akakumbuka watu wanaokula karanga.

Akanyoosha mkono. "Samahani. Sijasikia njia namba ngapi. Naomba kurudiwa."

Watu wakageuka kumtazama. Mwelekezaji hakukunja uso. "Vizuri," akasema, akarudia. Na Fortunata alipoangalia, aliona kalamu nyingi zinafuta na kuandika upya.

Baada ya hapo wakapimwa macho, rangi na masikio. Mwisho akaingia chumba cha mahojiano. Ndani kulikuwa na watu watatu. Aliyekaa katikati, mwanamume mnene mwenye miwani, akamuuliza, "Unaishi wapi, unafanya nini?"

"Magomeni. Nauza vifaa vya umeme Kariakoo."

"Ehe. Hebu tueleze breki ya treni inafanyaje kazi."

Mdomo wa Fortunata ukafunguka. Akaufunga. "Sijui, mzee. Najua tu kwamba treni inachukua umbali mrefu kusimama. Breki yenyewe sijafundishwa. Nikifundishwa nitajua."

Yule mzee akavua miwani. "Unatoka Kariakoo, na unasema hujui? Mimi mwaka jana niliulizia pampu pale. Nikaambiwa ipo, nikawekwa kwenye kigoda. Nimekaa kwenye kile kigoda mpaka adhuhuri!"

"Bila shaka jirani alikuwa amekwenda kula, mzee," Fortunata akasema.

Wote watatu wakacheka. Yule wa katikati akafuta macho, akaandika kitu, akasema, "Nenda salama. Watakaofaulu watapigiwa simu, na majina yatawekwa kwenye tovuti."

Nje, Shukuru alikuwa amekaa ngazini. "Nimemaliza wa kwanza," akasema, ila hakuwa na furaha. "Yale ya redio nilibahatisha. Ulipoomba kurudiwa, mimi nilikuwa nimeshakabidhi karatasi."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Basi unao muda. Tangazo likitoka tena, uombe. Na uje Magomeni, baba yangu ana ubao wa taa."

Siku zikapita. Fortunata alikuwa dukani, simu mfukoni, roho juu. Kila ikilia, Nasreen anachungulia. Mara alikuwa mtu amekosea namba, mara ni shangazi anauliza bei ya waya.

Jumanne moja, soko limejaa, soksi na kunguni wanashindana, simu ikalia tena.

"Haloo? Fortunata Eliakimu? Napiga kutoka... majaribio... ume... Jumatatu..."

Mama Euphrasia akaacha mteja. Nasreen akaja. Fortunata angeweza kupiga kelele za shangwe pale pale. Badala yake akaziba sikio moja kwa kidole.

"Sijakusikia vizuri. Naomba urudie."

Akasikiliza. Halafu akayasema maneno yale moja moja: "Nimechaguliwa mafunzo ya udereva wa treni. Nifike chuoni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Nije na vyeti halisi. Nimepata."

"Umepata!" Mama Euphrasia akapiga kigelegele. Kigelegele kile kilivishinda vipaza sauti vyote viwili. Muuza kunguni akazima cha kwake kwa heshima. Nasreen akambeba Fortunata kiunoni, nusura waangushe feni. Hata mteja aliyeachwa akapiga makofi, ingawa hakujua ni ya nini.

Baadaye, walipotulia, wakafungua tovuti kuhakikisha kwamba simu ile si ya matapeli. Jina lilikuwapo. Jioni ile Mama Euphrasia akapika machalari, ndizi za nyama za kwao, sufuria kubwa kuliko zote, na Anifa akala mpaka akalegeza mkanda wa sare.

Krismasi ikaja. Mama Euphrasia na Mzee Eliakimu wakapanda treni kwenda kwao. Fortunata naye alikuwa kwenye treni hiyo hiyo, ila hawakukaa pamoja. Yeye alikuwa kule mbele, kwenye kichwa cha treni, kando ya dereva anayemfundisha.

Katikati ya safari, porini, treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Hapakuwa na stesheni wala nyumba. Abiria wakaanza kunung'unika. Mama mmoja mwenye mfuko wa karanga akasimama. "Tumesimama nini hapa? Huyu dereva vipi?"

Mama Euphrasia alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua hata kichwa.

"Tulia, dada," akasema. "Kuna kitu hajakisikia vizuri. Anauliza."

Akamkatia kipande cha chungwa. Yule mama akaketi. Baada ya muda mfupi kule mbele honi ikalia, ndefu, ya furaha, na treni ikaondoka taratibu.